Bitana ya Koti la Mwenyekiti

Louisville, Kentucky
14 Januari 2024

Dada yangu Margareta,

Pokea salamu za mwaka mpya. Zimechelewa siku kumi na tatu kwa sababu karatasi hii ndiyo kwanza imetoka kwa mchapaji. Utaona juu kuna nembo: mkasi, sindano na ndege. Ndege ni wazo la kamati. Wengine waliona awe tai wa Amerika, wengine korongo wa kwetu, na kwa kuwa mchoraji hakuwa hodari, pande zote mbili zimeridhika.

Huku mtaani kwetu Highview tu wazima. Goti la wifi yako Rakeli linamsumbua baridi ikizidi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Wajukuu nikiwasalimia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, nikiwasalimia kwa Kiingereza wanacheka. Nimesikia theluji imewafunika huko Cheektowaga. Niambie kama binti yako Florida amejifungua, na kama mtoto amepewa jina la nyumbani au la televisheni.

Nakuandikia kwa posta kwa sababu simu yangu siishiki mimi. Katibu wetu, Zabroni, alishauri kwamba mwenyekiti anayepokea simu mwenyewe anajishusha. Kwa hiyo simu anakaa nayo yeye, na mtu akinitafuta huambiwa niko kikaoni. Mara nyingi niko jikoni.

Huu ni mwaka wa tatu nakalia kiti cha Umoja wa Mafundi wa Nguo wa Maziwa Makuu katika Amerika. Wewe uliyekataa mara nne kujiunga hujui tumefika wapi. Tuna wanachama sitini na mmoja, hapa Louisville, kule Columbus na huko kwenu Buffalo. Wanaoshona ni kumi na tisa. Hao wengine wako maghalani na kwenye nyumba za wazee, ndiyo maana mwaka jana jina letu liliongezwa maneno "na Wapenzi wa Mavazi". Tumetoa tamko kuhusu mwelekeo wa mavazi Amerika, kurasa saba, tukalituma kwa barua pepe kwenye chama kikubwa cha wabunifu kule New York. Walitujibu ndani ya sekunde nne: wanashukuru kwa kuwaandikia, na ujumbe wetu ni muhimu kwao. Dada, tangu tuzaliwe hakuna ofisi iliyowahi kutujibu ndani ya sekunde nne. Tuliuchapa ujumbe huo, tukautia kwenye fremu, na mchungaji akausoma kanisani baada ya matangazo.

Sasa kuna jambo dogo. Mkutano mkuu utakuwa Columbus tarehe 6 Julai, na kiti kitagombewa. Bahizire, yule Mkongomani mwenye duka la kushona kule Linden, mtaa wa Columbus, alipenyeza kifungu cha tisa kwenye katiba: kila anayegombea aweke mezani vazi alilolishona kwa mkono wake. Kilisomwa mwisho kabisa wa kikao, sahani zikiwa zimeshaanza kupita. Nilidhani tunapigia makofi wapishi, nikapiga kuliko wote.

Hivi ile cherehani yako bado inafanya kazi vizuri? Nauliza tu.

Ndimi mdogo wako,
Salvatori Nshimirimana
Mwenyekiti


Cheektowaga, New York
2 Machi 2024

Mdogo wangu Salvatori,

Barua yako niliipokea mwezi uliopita. Nilitaka kuijibu siku ileile, lakini kuna jirani alikuja na nguo ya harusi iliyombana kifuani, na harusi haingoji.

Florida alijifungua tarehe 19 Januari, msichana. Anaitwa Aganze, jina la upande wa baba yake. Televisheni haikuulizwa. Theluji ilifika kwenye vioo vya gari. Tulikaa ndani siku nne, nikamaliza kazi zote zilizokuwa kwenye kapu. Mimi mzima. Macho yanataka taa mbili pale ambapo zamani yalitaka moja. Mpe Rakeli pole ya goti, na umwambie ulimi asiutibu.

Nimefurahi mko watu wengi. Sijui mafundi kumi na tisa wanahitaji nini kwa watu arobaini na wawili wasioshona, lakini mimi si mtu wa vikao.

Juzi nilikuwa namwelekeza binti mmoja wa Kiburundi anayetaka kujifunza, nikamkumbuka Mzee Rudasingwa na kibanda chake pale kambi ya wakimbizi Kanembwa, Tanzania. Unakumbuka alivyotukataza kusifia nguo kabla ya kuigeuza? Ukiletewa shati, hata liwe la mkuu wa kambi, unaligeuza kwanza, unatazama mishono, bitana, mafundo ya uzi, ndipo unasema neno. "Nje ni ya wateja," alikuwa akisema, "ndani ni ya mafundi." Na kila mwanafunzi alimpa alama ya kushona mahali pasipoonekana, ili nguo ikirudi imechanika ajulikane wa kuadhibiwa. Yangu ilikuwa ngazi, mishono sita chini ya kola. Mpaka leo naiweka, hata kwenye nguo za Wamarekani, na hawajui.

Yako ilikuwaje? Nimejaribu kukumbuka, sipati.

Cherehani yangu nzima. Na yako iko wapi?

Dada yako,
Margareta


Louisville
20 Machi 2024

Dada mpendwa,

Hongera kwa mjukuu. Aganze ni jina zuri, nasi tumemwombea katika kikao cha kamati ndogo ya vifungo. Kamati hiyo niliiunda Februari, na hadi sasa imekubaliana kwamba vifungo ni muhimu.

Umeuliza cherehani yangu iko wapi. Iko chini, kwenye chumba cha mashine ya kufulia, na juu yake kuna mti wa Krismasi wa plastiki na maboksi mawili ya vyeti vya uanachama. Nitakuambia ukweli kwa kuwa hatuonani. Miaka kumi na moja ghalani nilifunga maboksi kwa utepe. Vidole vilizoea utepe vikasahau uzi. Mwaka 2016 nilishona kifungo kimoja, Rakeli akakifumua akakishona tena bila kusema kitu, naye kwa kawaida husema. Tangu siku hiyo sijashika sindano.

Utauliza kwa nini basi nang'ang'ania kiti. Kule ghalani walishindwa kutamka jina langu wakaniita Sal. Msimamizi alikuwa kijana mwenye umri wa mwanangu. Alinipigia mluzi kutoka mbali, na mimi nikageuka, miaka kumi na moja. Katika mkutano wa kwanza wa Umoja niliingia ukumbini, watu wote wakasimama. Nilitazama nyuma yangu nione nani ameingia.

Kwa hiyo nakuomba. Koti moja la kiume, lenye bitana, kitambaa cha kahawia ninachokutumia pamoja na barua hii. Wewe ulisoma kwa mzee yuleyule niliyesoma mimi; mkono wako na wangu ni shina moja. Sitakuwa nimedanganya sana. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi: kiuno inchi thelathini na nne.

Bahizire anatangaza huko Columbus kwamba ataweka mezani suti ya vipande vitatu. Rakeli anasema na mimi niweke boksi lililofungwa vizuri.

Salvatori


Cheektowaga
9 Mei 2024

Salvatori,

Hapa salama. Aganze anacheka. Theluji imeisha, barabara imebaki na mashimo.

Kitambaa chako nilikiweka kwenye kiti wiki tatu bila kukigusa. Kila nikipita nilikuwa nasema siwezi kufanya jambo hili. Halafu Jumapili moja nikajikuta nimeshika chaki.

Vipimo vyako sikuvitumia. Kiuno cha inchi thelathini na nne uliingia nacho uwanja wa ndege ukitoka Tanzania na kukiacha hukohuko. Nilimpigia simu Rakeli, akakupima ulipolala kwenye kochi baada ya ibada. Anasema ulimuuliza kwa usingizi kama hoja imepita, akakujibu imepita.

Koti linafika na kifurushi hiki. Nimelikamilisha, isipokuwa jambo moja dogo ambalo nimekuachia ulimalize kwa mkono wako. Ni dakika tano tu, hata kwa vidole vya utepe. Lipokee kama tulivyofundishwa, utaliona.

Alama yako ilikuwaje? Hukunijibu.

Margareta


Louisville
3 Juni 2024

Dada yangu wa heshima,

Nikushukuru kwa maneno gani? Nililivaa siku ileile lilipofika, nikasimama mbele ya kioo cha chumbani, kisha cha bafuni, kisha nikatoka nje nijione kwenye kioo cha gari la jirani. Kutoka mbele ni waziri. Kutoka upande ni waziri aliyekula. Rakeli akasema, "Sasa umekuwa kama picha yako." Alipokea simu yako kabla ya koti kufika, na alikataa kuniambia mlizungumza nini.

Nilivaa koti kanisani mara mbili. Watu walilishika kwa nje wakasifu. Katibu Zabroni amelitungia sentensi katika taarifa ya mwaka: "Uongozi unaoshona." Nilimwambia sentensi hiyo ni fupi, ameahidi kuirefusha.

Lile jambo dogo ulilosema sikuliona. Nililitazama koti kwenye kila kioo, halina kasoro. Nadhani ni unyenyekevu wako tu. Ulikuwa hivyo tangu utotoni. Ukipika chakula kizuri unasema chumvi imepungua.

Kamati ya kupanga viti vya mkutano imegawanyika. Nusu wanataka viti vya mbele viwe vya wanaoshona, nusu wanasema huo ni ubaguzi. Nimeamua mafundi wakae nyuma, wamezoea kazi.

Njoo Columbus, dada. Ni saa tano tu kwa gari. Nitakutambulisha kama mgeni wa heshima.

Salvatori Nshimirimana
Mwenyekiti


Louisville
27 Juni 2024

Dada,

Sijapata jibu lako. Natumaini mtoto hajaugua. Labda posta.

Tunaondoka Ijumaa ijayo. Koti limening'inia mlangoni, limefunikwa plastiki, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

S.


Louisville
15 Julai 2024

Margareta,

Nianze na salamu, maana hata leo sijasahau malezi. Rakeli hajambo. Wajukuu hawajambo. Columbus ilikuwa na joto.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa pale Linden. Saa mbili za kwanza zilikuwa za kuthibitisha ajenda. Saa ya tatu tukafika kifungu cha tisa. Bahizire aliweka suti yake mezani, bila maneno. Mimi niliweka koti, na Zabroni akasoma ile sentensi, aliyokuwa ameirefusha mpaka ukurasa mmoja na nusu. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimeshaanza kuinama kushukuru.

Bahizire akaja mezani akisema kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, "Bon, mheshimiwa, unaruhusu tuangaliye?"

Nikamwambia, "Tazama, ndugu. Macho hayalipiwi."

Alilichukua koti, Margareta, na akaligeuza.

Hakuwa na ubaya. Aligeuza tu, kama mtu anavyofungua kitabu. Na wale kumi na tisa niliowaweka nyuma wakainuka wote kwa pamoja wakaja mbele, wakapita katikati ya wale arobaini na wawili, wakainamia bitana. Nilisimama hapo nikiwatazama na nikaelewa, kabla hawajasema neno, kwamba koti hilo nimekaa nalo karibu miezi miwili, nimelivaa, nimelipiga pasi, nimelionyesha kila kioo cha Kentucky, na sikuligeuza hata mara moja.

Mama Clémence, yule aliyekuwa akiuza uzi Kanembwa, alivaa miwani. "Hii ngazi naijua," akasema. "Mishono sita. Hii ni ya Margareta."

Chini ya ngazi palikuwa na kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini, na juu yake maandishi yako kwa chaki. Bahizire alikisoma kwa macho, akanitazama, akakikunja anipe mkononi. Namshukuru kwa hilo. Alisema polepole, "Donc, mzee, hii ni ya familia, weka mufukoni."

Lakini Zabroni ni mtu wa utaratibu. Akasema kila maandishi yaliyofika mezani ni mali ya mkutano na lazima yaingie kwenye kumbukumbu. Akakichukua, akakisoma mbele ya kipaza sauti: "Mdogo wangu, vuta uzi huu, ngazi itatoka yote. Kisha weka alama yako." Akauliza kama kuna anayeunga mkono. Mtu mmoja wa kamati ya vifungo akaunga mkono.

Zabroni akasema koti limepigiwa makofi kuliko suti, na kwa mujibu wa katiba mshindi ni aliyelishona. Wakakuchagua wewe. Mtu akakumbusha kwamba si mwanachama, wakakuandikisha kuanzia mwaka 2021. Sasa wewe ni mwenyekiti, nami natakiwa nikuletee muhuri.

Nilirudi Louisville kwenye kiti cha nyuma cha gari, maana cha mbele alikaa katibu.

Ulijua. Ulijua wangeligeuza. Kwa nini hukuniambia?

Salvatori


Cheektowaga
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho safari hii.

Nilikuambia mara mbili. Machi nilikukumbusha Mzee Rudasingwa. Mei nilikuambia lipokee kama tulivyofundishwa. Na ngazi ile sikuifunga fundo. Mtoto Aganze angeweza kuivuta. Ungeivuta, ungeweka alama yako badala yake, mishono michache tu, na koti lingekuwa na mkono wako ndani yake. Udogo wa alama nisingeujali. Ungewekwa mezani ukweli mdogo, na mimi ningenyamaza mpaka kaburini.

Sikukushonea ili uaibike. Nilikushonea kwa sababu ya ule mluzi. Niliisoma sehemu ile ya barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini.

Lakini na mimi nina yangu. Barua yako ya Juni ilinieleza habari za vioo vitatu, nikajua hujaligeuza. Nilikuwa na wiki tatu. Simu yako anayo Zabroni, lakini ya Rakeli ninayo namba. Sikupiga. Nilijiambia utagundua mwenyewe. Si kweli. Nilikuwa na hasira. Miaka tisa tangu nifike hapa nashona kila siku, na katika barua zako zote umenieleza kamati zenu, hujaniuliza hata mara moja ninashona nini. Uliuliza cherehani kama inafanya kazi. Hilo la kunyamaza ni kosa langu, nalikubali lote.

Uenyekiti siutaki. Mwambie Zabroni nina suruali nane za kukunja pindo kufikia Alhamisi. Kama katiba yao inaruhusu kumchagua mtu asiyekuwepo, basi inaruhusu pia akatae bila kufika. Wampe Bahizire. Huyo alikukunjia kitambaa kabla hajakuwa na sababu ya kukuheshimu.

Muhuri usinitumie.

Hapa wote wazima. Msalimie Rakeli. Anasema huli vizuri.

Dada yako


Louisville
29 Septemba 2024

Dada Margareta,

Utaona karatasi hii haina mkasi wala ndege. Ile yenye nembo nimempa Bahizire, ambaye ndiye mwenyekiti sasa. Amevunja kamati ya vifungo na kuunda tume ya kuchunguza ilichokuwa ikifanya. Mafundi amewarudisha mbele. Zabroni bado ni katibu. Amegundua kwamba na Bahizire asipokee simu mwenyewe. Yangu amenirudishia. Haikulia siku kumi na mbili, ikalia, alikuwa mtu wa bima.

Rakeli anaendelea vizuri. Tuliutoa mti wa Krismasi juu ya cherehani tukishirikiana, na mkanda wake ulikuwa umekauka, nikanunua mwingine. Asubuhi nakaa nayo saa moja kabla ya chai. Uzi unakosa tundu la sindano mara mbili tatu, kisha vidole vinakumbuka kidogo. Nimetoboa cha gumba mara nyingi, na ile subana ya kukinga kidole aliyonipa Mzee Rudasingwa sijui niliiacha nchi gani.

Sikukuuliza unashona nini. Nauliza sasa. Unishirikishe yote, hata suruali.

Nimekutumia kitu ndani ya bahasha. Ni mfuko wa koti, wa upande wa kulia, nimeukata kwenye masalio ya kile kitambaa cha kahawia uliyonirudishia pamoja na koti. Kifuniko chake kimepinda. Usinisifie.

Mdogo wako,
Salvatori


Cheektowaga
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Salvatori,

Nimeugeuza kabla ya kusoma barua.

Pindo limevuta upande mmoja, na uzi ulioutumia ni wa kushonea mapazia. Alama yako, nukta tatu, iko mahali pake, pembeni, chini ya mshono. Nilipoiona nikakumbuka: ulipigwa kwa ajili yake, kwa sababu siku ya kwanza uliweka nne.

Wiki hii nashona magauni sita ya kwaya, ya bluu, na nawekea bitana koti la mzee mmoja wa Kimarekani aliyefiwa na mkewe. Alisema alikuwa hajui kushona kifungo. Nikamwonyesha.

Aganze ana meno mawili. Msalimie Rakeli.

Koti huwa na mifuko miwili. Nangoja wa kushoto.

Margareta